Mashua Iliyopita Bila Kuingia

Kwetu Kisumu Ndogo hakuna ziwa. Kuna mtaro, na mvua ya Aprili ikiamua, mtaro nao unajiona ziwa, lakini hapo hakuna anayecheka. Jina tuliachiwa na waliotangulia: watu wa Nyanza waliokuja Nairobi kutafuta kazi, wakapanga vyumba jirani hapa Kibera, wakaja na omena na lugha yao. Reli inayokatiza mtaa ni ya kwenda Kisumu, mji ambao garimoshi lilifika mwaka wa 1901. Kwa hivyo hata ukikosa nauli, bado umesimama kwenye njia ya ziwani.

Babu yangu alikuja kwa njia hiyo. Kabla ya kuwa soja wa usiku Industrial Area, alikuwa mtu wa mashua ya tanga kule Mfangano, akibeba samaki, ndizi na abiria kutoka kisiwa hadi kisiwa. Hakuacha hata karatasi moja. Alichoacha ni tabia: kila asubuhi alitoka nje na mswaki mdomoni, akaangalia moshi wa jirani unaelekea wapi, kana kwamba kuna safari. Tena alikuwa na kaka ambaye hakupenda kumtaja. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia, na mimi nilipewa la huyo kaka. Nilichoambiwa ni kwamba "alibaki majini." Basi.

Babu alipofariki nikaanza kusoma chochote kuhusu matanga na visiwa vya Nam Lolwe, ziwa ambalo wengine huliita Viktoria. Ndipo nikakutana na Henry Morton Stanley, kwa simu, usiku, bando ikiwa rahisi.

Stanley alitoka Bagamoyo Novemba 1874 na mashua iitwayo Lady Alice. Ilikuwa na urefu wa futi 40 na iliundwa kwa vipande, ili wapagazi waibebe mabegani hadi ziwani. Walipofika Kagehyi, kusini mwa ziwa, aliuliza nani atajitolea kuzunguka naye. Kimya. Watu wakatazamana. Wengi walikuwa Waungwana, yaani watu wa Zanzibar na mwambao, na ungedhani wa pwani hawaogopi maji. Lakini kuijua bahari hakukufanyi ulijue ziwa la wenyewe. Mwishowe wakachaguliwa 11, na tarehe 8 Machi 1875 wakang'oa nanga.

Safari hiyo ilichukua karibu miezi miwili. Walipita visiwa, wakanyeshewa, wakalala njaa, wakafika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda mwezi wa Aprili. Kisha, wakirudi, wakatia nanga Bumbire, kisiwa kilichoko upande wa Tanzania ya leo, kutafuta chakula. Wenyeji waliikokota mashua nchi kavu na watu wakiwa ndani, wakachukua makasia. Mabaharia walipofanikiwa kuisukuma majini tena, hawakuwa na cha kupigia maji. Waling'oa mbao za sakafu ya mashua yenyewe, wakapiga makasia kwa hizo, huku Stanley akifyatua bunduki. Agosti mwaka huo alirudi Bumbire na kikosi, akawamiminia risasi watu waliosimama ufukweni. Barua zake zilipochapishwa magazetini, hata Uingereza kuna waliomlaani.

Hayo yote nimeyapata kwa sababu Stanley aliandika. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1878. Majina machache ya mabaharia yamo: Safeni, mshika usukani, ndiye aliyetumwa kujadiliana na watu wa Bumbire. Miaka miwili baadaye, msafara ulipofika bahari ya upande wa pili, Safeni huyo akapoteza akili, akatokomea msituni asionekane tena. Lakini nilipotafuta mambo madogo, niliambulia patupu. Nani alikuwa zamu ya kufua maji? Walipikaje? Nani alishika kamba ya tanga?

Hilo swali la kamba sikulitoa hewani. Desemba niliyokwenda Mfangano, mjomba alinichukua kwenye mashua yake tukavuke hadi Takawiri. Tuliondoka alfajiri, kwa sababu usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji na upepo hutoka huko kwenda ziwani. Mchana mambo hugeuka: ardhi inapata joto, upepo unatoka ziwani kurudi nyumbani. Kumbe ndiyo ratiba ya wavuvi wa tanga: upepo mmoja wa kwenda, mwingine wa kurudi, na katikati yake saa kadhaa za kukaa tu mkichomwa na jua.

Saa hizo ndizo zilizonifundisha. Maji yalikuwa yanaingia kwenye maungio ya mbao, polepole, bila haraka yoyote, na kazi yangu ilikuwa kuyafua kwa mtungi wa plastiki uliokatwa nusu. Unga ulilowa. Simu iliteleza ikaanguka kwenye hayo maji pamoja na Stanley na maelezo yangu yote. Nikapiga kelele. Mjomba akasema, "Wewe fua maji. Historia itangoja."

Upepo uliporudi, mjomba alinipa kamba ya tanga niishike. Baada ya muda viganja vikaanza kuwaka. Nikafikiri kama mtu wa Nairobi: kwani haifungiki? Nikaizungusha kwenye ubao wa kukalia, nikapiga fundo. Mjomba hakusema neno. Aliruka kutoka kwenye usukani, akalifungua lile fundo, akanipiga kofi la mkono, mimi mtu mzima mwenye ndevu.

Kisha akanieleza. Upepo wa ziwani hauji sawasawa. Unaweza kuja kama ngumi. Ukiwa umeshika kamba mkononi, unailegeza, tanga linapunga, mashua inasimama wima. Ukiwa umeifunga, upepo hauna pa kwenda, unailaza mashua ubavu, maji yanaingia. "Kaka ya babu yako," akasema, "alikuwa amechoka. Walikuwa wametoka usiku. Akaifunga apumzike kidogo." Babu alikuwa kwenye usukani. Babu alijua kuogelea.

Sikuuliza zaidi. Nilishika kamba mpaka Takawiri.

Nikirudi kwa Stanley, kuna jambo ambalo huwa linanirudia. Alipanda ufuo wa mashariki, akapita nje ya visiwa vyetu, lakini hakuingia Ghuba ya Winam. Mdomo wake umezibwazibwa na visiwa, usipojua huuoni. Kwa hivyo kwenye ramani yake, ghuba ambayo Kisumu imekaa mwisho wake haipo ilivyo. Watu walikuwepo, mashua zilikuwepo, pepo zilikuwa zikienda na kurudi kwa saa zake. Mgeni tu ndiye hakuingia.

Sisi wa Kibera tunaijua hiyo stori. Kibra kwa Kinubi ni msitu, na kwa miaka mingi kuna ramani rasmi zilizoendelea kutuonyesha kama msitu. Mwaka wa 2009 ndipo vijana wa hapa, kwenye mradi wa Map Kibera, walipozunguka na vifaa vya GPS wakiweka alama vichochoro, vyoo, shule na zahanati. Hawakugundua chochote kipya. Kila mama muuza omena alijua kiko wapi. Waliandika tu.

Nami nimeandika tu. Simu ilikauka ndani ya mchele, ikawaka, na kitu cha kwanza nilichoingiza hakikuwa cha Stanley. Niliandika kwamba kulikuwa na ndugu wawili wa Mfangano waliobeba ndizi na samaki kwa tanga. Kwamba mmoja alifunga kamba kwa sababu alikuwa amechoka. Kwamba mwingine alihamia Nairobi, akalinda magodauni ya watu miaka yote hiyo, na hakuacha hata asubuhi moja kuangalia upepo unaelekea wapi.