Jumamosi ya saiti

Ukiuliza wikiendi imetoka wapi, jibu la haraka ni kwamba ililetwa na Mzungu pamoja na saa ya ukutani, kengele ya kanisa na bahasha ya mshahara. Kwa upande wa kalenda jibu hilo ni sahihi: Jumapili ya mapumziko na Jumamosi ya nusu siku ziliingia Tanganyika pamoja na ofisi za kikoloni. Lakini kalenda haisemi watu wanazifanyia nini siku hizo. Mume na mke wa Dar es Salaam wenye ajira na kiwanja huko Goba, Chanika au Kibada huianza Jumamosi yao Kariakoo, wakitafuta bawaba, nyaya na koki za maji. Saa sita wako saiti, wanahesabu mifuko ya saruji na kubishana na fundi kuhusu dirisha. Jioni kuna kikao cha harusi. Jumapili ni ibada, kisha kumjulia hali mgonjwa au kuhani msiba, na ikibaki nafasi watoto wanapelekwa ufukweni. Jumatatu inawakuta wamechoka kuliko walivyokuwa Ijumaa. Wapo wanaoiona hii kuwa wikiendi iliyoharibika, kana kwamba tulipewa mapumziko tukashindwa kupumzika. Mimi naiona vingine. Katika historia ya pwani hii, siku isiyo ya mwajiri imekuwa kwa muda mrefu siku ya kutengeneza kilicho chako, na umbo lake la leo, la mume na mke kushinda saiti, lilifinyangwa na saruji, mshahara na sheria katika miongo michache tu baada ya Uhuru.

Tuanze na mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba katika karne ya 19. Desturi iliyoenea ilikuwa mtumwa kumfanyia bwana wake kazi siku tano, na Alhamisi na Ijumaa zikawa zake. Hazikuwa siku za kulala. Mtumwa alikuwa na kipande cha ardhi alichopanda muhogo, akala, na ziada akaipeleka sokoni. Bwana hakuziachia siku hizo kwa huruma, maana mtumwa anayejilisha mwenyewe humpunguzia bwana gharama. Hata hivyo siku zikishazoeleka hugeuka haki, na bwana aliyezitia mkono alijitafutia utoro. Ilipotoka amri ya 1897 ya kufuta hadhi ya utumwa Zanzibar, ugomvi mkubwa ukawa juu ya siku: waliokuwa watumwa waliambiwa wangeweza kubaki kwenye vibanda na vishamba vyao iwapo wangemfanyia mwenye shamba kazi, mara nyingi siku tatu kwa wiki, na wengi hawakuona kwa nini ziwe hata hizo tatu. Bara, kwenye mkonge wa Tanganyika, kibarua alipewa kipande cha siku 30 za kazi, akaruhusiwa kukimaliza ndani ya siku 42. Waajiri wa kizungu hawakuchoka kulalamika kwamba Mwafrika ni mvivu, hatokei kazini kila siku. Siku 12 zilizobaki kibarua alilima chakula chake, akaezeka nyumba, akaenda kuwaona ndugu.

Mtu atasema ni dhuluma kumweka mtumwa wa Pemba sentensi moja na mhasibu mwenye kiwanja Goba. Ingekuwa dhuluma kama ningelinganisha hali zao. Ninachofuatilia ni jambo jembamba zaidi: katika tabaka baada ya tabaka, mtu anayemfanyia mwingine kazi alizigawa siku zake kuwa za mwenye kazi na za kwake, na za kwake akazijaza shughuli. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la ngoma. Miji ya pwani ilijulikana kwa starehe: ngoma za mtaa kwa mtaa, beni, dansi, baadaye mpira na sinema. Je, hayo nayo ni ujenzi? Sehemu yake kubwa, ndiyo. Vyama vya beni kama Marini na Arinoti vya Dar es Salaam vilikuwa na vyeo, sare, michango na wajibu wa kusaidiana kwenye shida na mazishi. Mgeni aliyetoka bara bila ukoo mjini alijipatia ukoo humo. Sitadai kwamba kila aliyecheza alikuwa anawekeza. Watu hucheza kwa sababu kucheza kunapendeza, na historia inayosahau hilo ni historia kavu. Lakini aliyekosa kuchanga na kuhudhuria alijua kuna siku atalia peke yake, na vikao vya harusi vya leo, pamoja na kadi zake za michango, vinafuata mantiki hiyohiyo.

Sasa saruji. Chini ya ukoloni Dar es Salaam iligawanywa kwa rangi, na uswahilini nyumba za udongo na makuti zilihesabiwa kuwa za muda, nazo haki za mwenye nyumba juu ya ardhi zikawa dhaifu. Uzunguni na uhindini ndiko kulikokuwa na ukuta wa kudumu. Kwa hiyo Uhuru ulipofika, ukuta wa saruji haukuwa urembo tu. Ulikuwa dai la kukaa mjini bila kuombwa uondoke. Serikali nayo ililielewa dai hilo: Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa 1962, likabomoa vibanda na kujenga nyumba za kisasa, na mwaka 1966 kiwanda cha Wazo kikaanza kutoa saruji ya nchini. Mwaka huohuo mji ukapata sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari, kule Msasani, mahali ulipo sasa ubalozi wa Marekani. Kwa kitambo kifupi ilionekana kama wikiendi ya Dar ingekuwa ya familia kwenye gari na bisi, na nyumba ingeletwa na shirika.

Haikuwa hivyo, kwa sababu hesabu haikukubali. Sensa ya 1967 ilikuta watu wapatao 270,000 mjini, na idadi ikaendelea kukua kwa kasi ambayo hakuna shirika lingeifikia. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ikabadili njia: kwa mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, huko Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, mwananchi alipewa kiwanja kilichopimwa na mkopo mdogo, akaambiwa ajenge mwenyewe. Kiwanja kilikuwepo, saruji haikuwepo. Wazo ilizalisha chini sana ya uwezo wake kwa kukosa vipuri, mafuta na umeme wa uhakika. Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwalaumu wananchi kwa uraibu wa saruji na bati: kwa nini kusubiri miaka kitu kisichopatikana, wakati udongo wa kuchoma matofali na vigae uko miguuni? Kiuchumi hoja yake ilikuwa nzuri. Lakini nadhani aliisoma vibaya tamaa ya watu alipoiona kuwa kasumba. Aliyezaliwa kwenye nyumba iliyoweza kubomolewa bila fidia ya maana alikuwa na sababu ya kuutaka ukuta ambao bomoabomoa huufikiria mara mbili. Kukataa udongo kulitokana na kumbukumbu.

Kisha ukaja msukosuko wa mwisho wa miaka ya 1970 na miaka ya 1980: vita vya Kagera, bei ya mafuta, upungufu wa fedha za kigeni. Hapa ndipo wikiendi tunayoijua ilipozaliwa, na ilizaliwa kwa dhiki. Bidhaa ziligawiwa kupitia kampuni za biashara za mikoa na maduka ya ushirika; sabuni, sukari na unga vilidai foleni, na foleni ilidai mtu asiye kazini. Magari binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana ili kuokoa mafuta, hivyo mtu mwenye gari alipaswa kumaliza kanisa, shangazi na kiwanja kabla ya saa hiyo. Thamani halisi ya mshahara ilianguka kwa zaidi ya nusu. Na mfumuko wa bei uliozunguka asilimia 30 kwa mwaka uliwafundisha watu somo ambalo hakuna semina ingelifundisha: shilingi iliyoko benki inayeyuka, tofali lililoko kiwanjani halipungui. Ukipata mifuko mitatu, unafyatua tofali. Ukikosa, unasubiri. Msingi mwaka huu, boma mwaka kesho, lenta na kupaua Mungu akipenda. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyopaswa kuwa njia nyingine, ilikufa 1995, na kwa miaka mingi baada yake mtu wa kawaida hakuwa na mkopo wa nyumba wa kuufikiria. Mwingereza au Mmarekani wa kipato cha kati alizilipia nyumba kwa makato ya mwezi ya miaka 25 au 30. Wa Dar alizilipia kwa Jumamosi.

Swali linalofuata ni Jumamosi za nani. Mshahara wa mume uliposhindwa kulisha nyumba, mke ndiye aliyefungua mradi: maandazi, kuku, cherehani, barafu. Aliyekuwa na ajira serikalini alifanya mradi jioni na mwisho wa juma. Fedha hizo zililisha watoto, na kwa kulisha watoto ziliuacha mshahara wa mume ununue bati, ambalo risiti yake iliandikwa jina la mume. Hii ndiyo sababu naamini historia ya saiti haiwezi kuandikwa bila mahakama. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, lakini haikusema wazi kama kupika, kufua na kulea ni juhudi. Majaji waligawanyika mpaka 1983, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilipoamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali. Mwanamke aliyeleta kesi hiyo hata hivyo hakuambulia mgawo, kwa kuwa mahakama ilimwona ametapanya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia. Kanuni ilishinda, mdai akashindwa. Tangu hapo, mke anayesimama saiti akihesabu nondo na kutunza risiti zake mwenyewe anafanya usimamizi na anaandaa ushahidi kwa pamoja. Sheria ya Ardhi ya 1999, iliyodai ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani, ilizidi kumpa sababu ya kuwapo.

Kuna atakayesema natia chumvi: kazi anaifanya fundi, hao wawili wanakwenda kutazama tu, tena siku hizi wengi wanaishia kwenye nyama choma. Anayesema hivyo hajui saruji inavyotembea pasipo na mwenye nyumba, wala dirisha linavyoweza kuhama futi mbili kati ya Jumamosi moja na nyingine. Kutazama ni kazi, na ndiyo maana makampuni hulipa watu mishahara waifanye. Kuhusu nyama choma nakubali zaidi. Tangu biashara ilipolegezwa 1984, na hasa baada ya Azimio la Zanzibar la 1991 kuwaondolea viongozi wa chama katazo la nyumba za kupangisha na mishahara miwili, fedha na bidhaa zimeongezeka na starehe imepata nafasi yake. Coco Beach haijai wahasibu wanaokagua nondo. Hata hivyo mji uliokuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 katika sensa ya 2022 umejengwa kwa sehemu kubwa nje ya mpango rasmi, tofali kwa tofali, na wenyewe. Hakuna bajeti ya serikali wala benki inayoweza kudai iliujenga. Ukitoa Jumamosi kwenye historia ya Goba au Mbagala, zitakosekana nyumba zenyewe.

Mtu mmoja anaitatiza hoja yangu kuliko wapinzani wote, naye ni fundi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka kikomo cha saa 45 kwa wiki na mapumziko ya saa 24 mfululizo, lakini fundi mwashi anayelipwa kwa siku au kwa kipande cha kazi yuko mbali na mkono wake. Jumamosi ya wenye nyumba kwake ni siku ya biashara kuliko zote, kwa kuwa ndiyo siku wanapokuja na fedha. Siku za kwake zinapangwa na mvua na ukosefu wa kazi, zinamjia bila kuitwa na bila malipo. Wengi wao wana viwanja pia, mbali zaidi kuliko vya wateja wao, vyenye matofali machache yaliyosalia kwenye kazi za watu. Siku wanazojenga kwenye viwanja hivyo, hakuna kalenda, ya kanisa wala ya serikali, iliyozitengea nafasi.