Mstari wa Mwisho wa Bahasha

Barua haina macho. Anwani ndiyo kiongozi wake. Katika karne ya 19 London ilijaa mitaa yenye majina yaliyofanana, hata habari ya msiba ikaweza kubishia mlango usiohusika. Mwaka 1857 ikaanza kazi ya kuugawa mji katika wilaya za posta, kwa mpango wa Rowland Hill, zikitambulishwa kwa herufi: N ikawa kaskazini, W magharibi. Mwaka 1917, wafanyakazi wengi wazoefu wa posta wakiwa vitani, wilaya zilitiwa nambari ili wageni wa kazi wasipotee. Basi, msomaji, usiudharau mstari ule mfupi: jina humtaja mtu, bali mstari huo ndio umfikishiao barua.