Namna ya kufundisha vipengele vya hadithi katika somo la Kiingereza, kwa mifano ya Meru na Embu

HADITHI ya kubuni, iwe fupi au riwaya, hujengwa kwa vipengele vitano vikuu: msuko, wahusika, mandhari, usimulizi na dhamira. Mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya hukutana navyo katika somo la Kiingereza, na anapofika Kidato cha Nne hupimwa kwavyo katika mtihani wa KCSE. Wengi huvikariri kama istilahi ngeni zilizokuja pamoja na lugha ya kigeni. Ilhali masimulizi ya jadi ya Meru na Embu yamejaa vipengele hivyo hivyo, na mwalimu anayeanzia hapo humpa mwanafunzi wake silaha ambayo hakuna kitabu cha mwongozo kinachoweza kumpa.

Yanayotahiniwa

Karatasi ya Pili ya Kiingereza ina alama 80. Kati ya hizo, 25 hutokana na dondoo la kitabu cha lazima. Mtahiniwa huulizwa yaliyotokea kabla au baada ya dondoo, sifa za wahusika, mbinu za lugha na maudhui. Karatasi ya Tatu ina alama 60, zilizogawanywa sawa kwa maswali matatu: insha ya kubuni, insha kuhusu kitabu cha lazima, na nyingine kuhusu kitabu cha hiari. Kwa hiyo mtahiniwa hudaiwa kazi mbili, kuchambua hadithi ya mwandishi na kutunga yake mwenyewe. Aliyekariri mwongozo aghalabu huweza kutaja sifa ya mhusika. Akidaiwa ushahidi kutoka katika matini yaliyo mbele yake, hukwama.

Msuko

Msuko ni mfuatano wa matukio yanayoshikanishwa na sababu na matokeo. Mfano mwafaka ni masimulizi ya Wameru kuhusu Mbwaa, kisiwa walikotawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wa nguo nyekundu. Watawala hao waliwapa mafumbo wasiyotarajia yateguliwe: kiatu chenye manyoya pande zote mbili, tunda litolewe katika shimo refu, mbwa mwenye pembe, na hatimaye mkuki wa kufika mbinguni. Kiatu kilipatikana kwa ngozi ya shingoni mwa ng'ombe. Tunda lilielea shimo lilipojazwa maji. Mkuki haukuwezekana, wakaamua kutoroka usiku na kuvuka bahari.

Mwanafunzi akiombwa kuondoa fumbo la mkuki, ataona mara moja kwamba safari haina sababu tena. Hapo amefahamu mgogoro, taharuki na kilele, wala hakulazimika kukariri fasili yoyote.

Wahusika

Mhusika hujulikana kwa anayoyatenda, anayoyasema, na wanayoyasema wengine juu yake. Kiongozi wa safari ya Mbwaa, Koomenjwe, aliyeitwa pia Muthurui, hasifiwi kwa maneno matupu katika masimulizi hayo. Busara yake huonekana katika mafumbo anayoyategua. Kanuni ni hiyo hiyo katika riwaya: jibu lisemalo mhusika ni jasiri halina uzito mpaka lifuatwe na tendo linalothibitisha ujasiri huo.

Mandhari

Mandhari ni mahali, wakati na hali ya jamii. Kaunti ya Embu yenyewe ni somo tosha. Upande wa juu, karibu na Mlima Kenya, kuna baridi, majani chai na kahawa; upande wa chini, Mbeere, kuna ukame, ndengu na muguka. Kisa cha familia inayogombania shamba kikihamishwa kutoka Manyatta hadi Mbeere, hakibadiliki jina la mahali tu. Thamani ya ardhi, kazi ya mikono na hofu ya mvua kukosa hubadilika pia, na pengine hata mwisho wa kisa. Mwanafunzi aliyefanya zoezi hilo hatasema tena kwamba mandhari ni pambo la hadithi.

Usimulizi

Swali la msingi ni nani anayesimulia, na anajua kiasi gani. Masimulizi ya Waembu huwataja Mwenendega na mkewe Nthara kuwa wazazi wa kwanza, na watoto wao Kembu na Werimba, kaka na dada waliofukuzwa nyumbani kwa kuvunja mwiko wa kupendana. Kisa hicho kwa kawaida husimuliwa katika nafsi ya tatu. Darasa likigawanywa makundi matatu, moja lisimulie kama baba, la pili kama Werimba na la tatu kama jirani aliyesikia uvumi, matukio yatabaki yale yale lakini huruma ya msikilizaji itahama.

Dhamira

Hapa ndipo makosa huzidi. Mada ni jambo linalozungumziwa. Dhamira ni kile ambacho kazi inadhihirisha kuhusu jambo hilo. Ukeketaji ni mada. Katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, The River Between, iliyotoka 1965, Muthoni, binti wa mhubiri, anachagua mwenyewe kutahiriwa na anakufa. Katika Blossoms of the Savannah ya Henry ole Kulet, Resian na Taiyo wanaipinga mila hiyo. Mada ni moja, dhamira si moja.

Meru ina historia yake katika jambo hili. Mnamo 1956 baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipiga marufuku tohara ya wasichana. Wasichana wengi walikaidi na kukeketana wenyewe, wakaitwa Ngaitana, yaani 'nitajitahiri'. Katika miaka mitatu iliyofuata, zaidi ya watu 2,400 walishtakiwa kwa kukiuka amri hiyo. Mwanafunzi anayeijua historia hii hawezi kumpuuza Muthoni kuwa msichana mjinga. Atauliza ni nini kilimsukuma. Na anaweza kuuliza hivyo bila kuutetea ukeketaji, ambao ni kosa la jinai chini ya sheria ya 2011.

Chimbuko la mbinu hii

Kuanzia nyumbani si wazo jipya. Mnamo Oktoba 1968, Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza kwamba katika chuo kikuu cha Nairobi fasihi ya Afrika, pamoja na fasihi simulizi, iwe kitovu cha masomo badala ya fasihi ya Kiingereza. Mnamo 1974, kongamano lililofanyika Nairobi School lilijadili ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika katika shule za Kenya. Fasihi simulizi hatimaye iliingia katika silabasi na mtihani.

Hata hivyo, kuwepo kwake katika silabasi hakutoshi ikiwa hufundishwa kando, kana kwamba haina uhusiano na riwaya. Utaratibu ufaao ni huu: darasa lisimulie kisa kinachojulikana, hata kwa Kimeru au Kiembu, likihoji kwa maswali ya vipengele vitano, kisha maswali hayo hayo yaelekezwe kwa kitabu teule, na majibu yaandikwe kwa Kiingereza yakiwa na ushahidi.

Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa 2023, na watahiniwa wake ndio wa mwisho katika mfumo wa 8-4-4, ambao KCSE yao imepangiwa 2027. Vitabu teule hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na miongozo yake hutupwa. Maswali haya matano hayatupwi. Anayeyamiliki ataweza kukisoma hata kitabu ambacho hakuna aliyemfundisha.