Ubao Bila Mchezaji: Sataranji, Igisoro na Kumbukumbu ya Rumonge

Mwaka 2011 Ukumbi wa Heshima wa Sataranji Duniani ulifunguliwa katika mji wa Saint Louis, Marekani. Miongoni mwa wanaoenziwa humo ni Paul Morphy, aliyefariki mwaka 1884. Hakuna aliye hai aliyemwona akicheza; lakini michezo yake yaweza kurudiwa leo, hatua kwa hatua, kwa kuwa iliandikwa. Makala hii inadai kwamba msingi wa ukumbi wa namna hiyo ni maandishi, si jengo, na kwamba jambo hili lina uzito wa pekee kwa mwambao wa Rumonge.

Warundi wana igisoro, mchezo wa mashimo 32 na kete 64, idadi ileile ya miraba ya sataranji. Waswahili, ambao biashara ya Ujiji iliwaeneza kandokando ya Ziwa Tanganyika katika karne ya 19, wana bao, lenye mashimo na kete kwa hesabu hiyohiyo. Michezo hii ni ndugu. Bingwa wake hukokotoa mizunguko mingi kichwani kabla ya kugusa kete. Hata hivyo, kwa desturi, mchezo ukiisha kete hukusanywa, na kinachobaki ni simulizi tu.

Simulizi nayo huhitaji wasimulizi. Tarehe 29 Aprili 1972 maasi yalizuka Rumonge na Nyanza-Lac. Waasi waliua raia wengi. Kisha ukandamizaji wa dola ukaangamiza watu kwa makumi ya maelfu nchini kote, na wengine wengi wakakimbilia Tanzania. Jamii inayohifadhi ujuzi vinywani, ikitawanywa hivyo, hupoteza watu pamoja na kumbukumbu zao.

Kwamba mchezo huu waweza kuandikwa si jambo la kubahatisha. Alexander de Voogt aliwachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar, akawasilisha tasnifu yake Leiden mwaka 1995.

Burundi ina Makumbusho ya Taifa huko Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955. Lakini ubao uliowekwa kabatini hueleza kazi ya mchongaji. Kuhusu mchezaji haueleze kitu. Kwa hiyo, anayetaka kuwaenzi mabingwa wa Rumonge na aanze kwa kuketi na wazee barazani, daftari mkononi, akiandika kila kete inapoanzia na inapokomea. Jengo laweza kungoja, wazee hawawezi.