Michoro Mitatu ya Commerson na Wanyama wa Bukini

Mwaka 1812, jijini Paris, mtaalamu wa wanyama Étienne Geoffroy Saint-Hilaire alichapisha makala fupi kuhusu michoro mitatu. Ilionyesha wanyama wadogo kutoka Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani yetu walikiita Bukini. Geoffroy hakuwa na ngozi wala mfupa wa hata mmoja wao. Alichokuwa nacho ni karatasi za Philibert Commerson, tabibu na mtaalamu wa mimea aliyefariki kisiwani Mauritius mwaka 1773. Kwa karatasi hizo tu akaunda jenasi mpya, Cheirogaleus, akaigawa katika spishi tatu: mkubwa, wa kati na mdogo. Majina mawili kati ya hayo, Cheirogaleus major na Cheirogaleus medius, yanatumika mpaka leo.

Hebu tulipime jambo hilo. Commerson alikwenda Madagaska mwaka 1770, akashukia Fort-Dauphin kusini-mashariki mwa kisiwa. Alikuwa amekuja Bahari ya Hindi katika msafara wa baharia Mfaransa Bougainville, pamoja na Jeanne Baret, msaidizi wake aliyejificha katika mavazi ya kiume na ambaye baadaye akawa mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Mchoraji Paul Jossigny alimsaidia kuweka viumbe kwenye karatasi. Baada ya kifo chake makasha yakasafirishwa hadi Ufaransa, na michoro ile mitatu ikakaa karibu miaka arobaini kabla ya kupewa uzito. Commerson alikuwa amekwisha kuondoka duniani, wanyama wenyewe hawakuwepo, na jicho lililoamua lilikuwa Paris. Haishangazi kwamba wataalamu waliofuata walibishana kwa vizazi kuhusu ni mnyama yupi hasa aliyechorwa. Hata hivyo nasema bila kusita kwamba Geoffroy aliona kweli: lemuri hao wadogo wa usiku wapo. Medius hujaza mafuta mkiani, kisha hulala ndani ya shina la mti kwa miezi mingi ya ukame. Hilo mchoro haukuweza kulieleza.

Fort-Dauphin ilikuwa na historia ndefu kuliko Commerson. Étienne de Flacourt aliiongoza ngome hiyo kuanzia 1648 hadi 1655, na mwaka 1658 akatoa kitabu kuhusu kisiwa kizima. Humo alimtaja mnyama aliyeitwa tretretretre: mkubwa kama ndama wa miaka miwili, kichwa cha mviringo, uso na masikio ya mtu, miguu ya nyani, nywele za kujisokota, mkia mfupi. Wenyeji humkimbia, akaandika, naye huwakimbia wao. Kwa muda mrefu habari hiyo ingeweza kuchukuliwa kuwa hadithi ya mabaharia. Kisha mwishoni mwa karne ya 19 mifupa ya lemuri wakubwa ikaanza kuchimbuliwa kutoka madimbwi na mapango ya Madagaska: Megaladapis ikapewa jina mwaka 1894, Palaeopropithecus mwaka 1899. Wataalamu wengi wanaona kwamba Flacourt alipewa habari za mmoja wa hao, aliyekuwa bado hai au aliyekuwa bado anakumbukwa vizuri. Mnyama huyo amepotea, na kilichobaki ni maneno ya wenyeji katika kitabu cha mgeni. Naona hicho ndicho kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote katika kitabu cha Flacourt.

Uingereza mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Huko lemuri walifika wakiwa hai, kwa meli, na George Edwards aliwachora London kwa macho yake mwenyewe. Mweusi kati yao alimfikia Linnaeus wa Sweden kama picha tu, naye mwaka 1766 akampa jina Lemur macaco. Lakini Edwards alichora dume. Katika spishi hiyo dume ndiye mweusi, jike ana manyoya ya rangi ya kahawia na ndevu nyeupe mashavuni. Matokeo yake, katika karne ya 19 jike alikuja kutangazwa kuwa spishi nyingine kabisa. Picha moja nzuri, ya mnyama mmoja, iliwafunga watu macho wasimwone mwenzake.

Msafiri Mfaransa Pierre Sonnerat ndiye aliyenivutia kuliko wote, na ndiye ninayemtilia shaka zaidi. Kitabu chake cha safari za India na China, kilichotoka mwaka 1782, kiliwaonyesha Wazungu wanyama wawili wa Madagaska, indri na ai-ai, kwa mara ya kwanza. Huyu Sonnerat alikuwa ameshaweka pengwini katika kitabu chake kuhusu Guinea Mpya, nchi isiyo na pengwini. Kuhusu indri aliandika kwamba watu wa kusini mwa Madagaska humlea tangu mdogo na kumfundisha kuwinda kama mbwa. Indri hula majani. Lakini kuhusu ai-ai alieleza aliyoyaona: aliwafuga wawili, dume na jike, akawalisha wali kwa karibu miezi miwili, na wakautia mdomoni kwa vidole vyembamba vya mikono.

Mnyama huyo aliwatatiza wataalamu. Meno ya mbele ya ai-ai hukua bila kukoma kama ya panya, mkia wake ni wa manyoya mengi, na mwaka 1788 mtaalamu Gmelin akamweka katika jenasi ya kindi. Kwa miongo mingi suala hilo lilibaki wazi, watu wakitazama ngozi moja iliyokaushwa Paris na picha zilizotokana nayo. Jibu lilitoka Mauritius. Mwaka 1859 Humphry Sandwith, afisa wa serikali ya Kiingereza kisiwani humo, alimpa ai-ai aliye hai matawi yaliyoliwa na funza. Mnyama akagonga gome kwa kidole chembamba, akategesha masikio, akatafuna tundu, kisha akamtoa funza kwa kidole kile kile. Mwili wake ulipelekwa London kwa mtaalamu wa anatomia Richard Owen, ambaye mwaka 1863 alionyesha kwamba ai-ai ni wa jamii ya lemuri, na kwa hiyo ni ndugu wa mbali wa komba wetu.

Mfaransa Alfred Grandidier aliyajua mapungufu haya ya kutegemea picha na ngozi. Kabla ya kuingia Madagaska mwaka 1865 alipita Unguja, akaandika habari zake. Kisha akazunguka Madagaska hadi 1870, akiwaona wanyama mahali wanapoishi. Kuanzia 1875 alitoa, pamoja na Alphonse Milne-Edwards, majalada makubwa yenye picha za rangi, nyingine zikiwa za Mholanzi J. G. Keulemans, na mabamba ya mifupa na misuli. Wachoraji walikuwa bado Ulaya, wakitazama ngozi, lakini sasa mezani aliketi mtu aliyekuwa amemwona lemuri aitwaye sifaka akiruka.

Katika vitabu hivi vyote majina ya wachoraji yapo, ya wafadhili yapo, ya maprofesa yapo. Walioingia msituni usiku, wakajua tundu la Cheirogaleus na njia ya ai-ai, wakawaleta kwa wageni, hawatajwi. Makumbusho yanayohifadhi karatasi hizo yana wajibu wa kuwatafuta katika barua na daftari za wasafiri, na kuyaandika majina yatakayopatikana chini ya picha.

Kuhusu wanyama wenyewe, mwaka 2020 shirika la uhifadhi IUCN lilitangaza kwamba spishi 103 kati ya 107 za lemuri zilizosalia zimo hatarini, na 33 kati ya hizo ziko karibu kutoweka. Indri wa Sonnerat ni mmoja wa hao 33. Hakuna bustani ya wanyama iliyofanikiwa kumfuga kwa muda mrefu. Anaishi katika misitu ya mashariki mwa Madagaska tu.