Hakimiliki: Wimbo ni mali ya mtunzi

Msanii chipukizi wa Silanga, mtaani Kibera, Nairobi, akishaandika au kurekodi wimbo alioutunga mwenyewe, tayari analindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Wazo lililo kichwani tu halilindwi. Si lazima kazi isajiliwe. Hata hivyo, cheti cha Bodi ya Hakimiliki ya Kenya humsaidia mtunzi kuthibitisha umiliki wake kortini. Ulinzi wa utunzi hudumu maishani mwake, na miaka 50 baada ya kuisha kwa mwaka aliofariki.

Kumwuzia mwingine haki hizo sharti kuwe kwa maandishi yaliyotiwa saini. Mkataba na usomwe kwanza: akishaziuza zote, sifa ya utunzi husalia yake, lakini mapato huwa ya mnunuzi.