Mama Amfundishaye Mama: Somo la Lishe kutoka Mulago hadi Bujumbura

Wazazi na wanafunzi wetu wapendwa, wengi tunadhani utapiamlo ni ugonjwa wa njaa tu. Lakini Nyakabiga ukipita jioni unasikia harufu ya maharagwe kwa mawese, lengalenga na ndagala. Basi vipi mtoto avimbe miguu na nywele zigeuke rangi?

Jina la ugonjwa huo, kwashakoo, lilitoka Ghana. Daktari Cicely Williams alilichapisha mwaka 1935, nalo ni neno la Kiga, kabila la akina mama wa Accra: ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amekuja. Kina mama walikwisha kujua chanzo kabla ya madaktari. Huku kwetu Afrika Mashariki lawama iliwekwa kwingine. Tanzania wanasema mtoto "amebemendwa", yaani wazazi wamekosa kujizuia, na mama akaona haya kumpeleka hospitali. Watoto wangapi wamefichwa ndani kwa neno hilo, Allaah ndiye Ajuaye. Na ile aya ya 233 ya Suuratul-Baqarah itajayo miaka miwili ya kunyonyesha imemtwika baba pia chakula na mavazi ya mama. Nusu hiyo hatuisomi kwa sauti kubwa sana.

Sasa twende Mulago, Kampala. Miaka ya 1950 watoto walitibiwa pale kwa maziwa ya unga wakapona, wakarudi nyumbani kusikokuwa na maziwa, wakaugua tena. Ndipo katikati ya miaka ya 1960 kikaanzishwa kituo cha Mwanamugimu, jina lililotoka katika methali ya Kiganda. Mama alikaa na mwanawe, akapika mwenyewe. Chakula kiliitwa kitobero: ndizi au viazi, maharagwe au karanga zilizopondwa, samaki kidogo na mboga za majani, vyote vikapikwa kwa mvuke ndani ya jani la mgomba. Hakuna kilichotoka dukani. Mtoto akinawiri, mama alirudi kijijini naye jirani wakaona kwa macho. Kwa maoni yangu hilo lilishinda mabango yote ya wizara.

Miaka ya 1990 Jerry na Monique Sternin walifanya jambo linalokaribiana na hilo huko Vietnam. Walitafuta nyumba maskini zenye watoto wenye afya, wakakuta mama zao wanaokota kamba na kaa wadogo mashambani na kuwachanganyia watoto pamoja na majani ya viazi vitamu.

Burundi ilichelewa, na sababu inajulikana. Vita vilianza 1993, kisha vikwazo vya majirani kuanzia 1996 hadi 1999 vikapandisha bei ya kila kitu. Wakati huo kazi ilikuwa kuokoa roho katika vituo vya kulishia. Mafunzo ya nyumbani, yaitwayo FARN kwa kifupi cha Kifaransa, yalikuja kushika baadaye: siku 12 kwa "mama mwanga", jirani ambaye wanawe wamenawiri. Kila mama huleta alichonacho, mtoto hupimwa uzito siku ya kwanza na ya mwisho. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa.

Lakini mpango huo ulitungwa kwa watu wa milimani wenye shamba. Mama wa Nyakabiga hununua fungu kwa fungu, na tangu soko kuu lilipoungua tarehe 27 Januari 2013 imembidi atafute bei nafuu katika masoko mengine. Kwa hiyo mtaalamu wa lishe akija kwetu aanze na mkoba wa mama. Pesa ya leo inatosha nini? Ndagala wachache waliosagwa waingie katika uji wa sosoma wa mtoto, au waishie katika sahani ya baba?